Arubuni Tuliyoiacha Baharini: Tathmini ya Kununua Safari Ijayo Ukiwa Bado Melini

Mwezi Oktoba 2025 mimi na mume wangu tulisafiri kwa meli ya kitalii kwa siku 7 katika Bahari ya Aegean. Tulipanda Piraeus, bandari ya Athens, tukapitia Mykonos, Kuşadası ya Uturuki, Rhodes na Santorini, kisha tukarejea Piraeus. Visiwa hivyo vimeshaandikwa na wengi, na sina la kuongeza juu ya weupe wa nyumba zake. Ninachotaka kukitathmini ni huduma moja ambayo sijaona ikielezwa kwa Kiswahili kwa mapana yake, nayo ni ile ya kununua safari ya mwaka ujao, au wa baadaye zaidi, ukiwa bado umo melini, kwenye dawati ambalo kampuni huliweka maalumu kwa kazi hiyo. Sisi tuliitumia. Tulitoa arubuni, tukarudi Mombasa na karatasi ya safari nyingine mkobani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na jamaa na wenzangu wa chama chetu cha kuweka akiba kama tulifanya la busara au tulileweshwa na bahari.

Jibu langu ni kwamba huduma ni nzuri na nafuu yake ni ya kweli, lakini ni kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Imekatwa kwa kipimo cha msafiri ambaye pasi yake humwingiza Ulaya bila kuomba ruhusa ya mtu, ambaye bandari ya kuondokea haiko mbali na nyumbani kwake, na ambaye benki yake haishtuki kadi inaposomwa katikati ya bahari. Mtu wa Mombasa anaweza kuivaa kanzu hiyo, na sisi tumeivaa, ila hana budi kuipitisha kwa fundi kwanza.

Aliyekulia Mombasa amezoea kuziona meli hizi muda mrefu kabla ya kujua bei zake. Zinapoingia Kilindini hupita mbele ya Mama Ngina karibu kiasi cha kuwatambua watu waliosimama kwenye roshani, na hata muuza mihogo huacha karai lake akatazama. Januari 2024, Norwegian Dawn ilipofunga gati Kilindini ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, nilikuwa nimeketi pale na wajukuu wangu, na mkubwa wao akaniuliza kwa nini sisi hatupandi. Nilimjibu kwamba meli hizo hutufikia zikiwa zimejaa: abiria wake wamepandia kwingine na watashukia kwingine, na gati letu kwao ni mapumziko ya siku moja. Anayetaka kupanda kutoka huku ni lazima apande ndege kwanza. Kwetu sisi ilikuwa Mombasa hadi Addis Ababa na kutoka huko hadi Athens, na gharama ya ndege, viza, bima na hoteli ya usiku mmoja kabla ya kupanda meli ilikaribia nauli ya meli yenyewe. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linalobadilisha hesabu nzima ya nafuu inayotolewa dawatini.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuufahamu. Kampuni nyingi kubwa za meli za kitalii zina dawati la namna hii, na sababu yake ni ya kibiashara: aliye melini ameshaonja, na kumuuzia yeye kunagharimu kidogo kuliko kumsaka mgeni kwa matangazo, hivyo kampuni iko radhi kumwachia sehemu ya kile ambacho ingekitumia kumtafuta. Nafuu huja zaidi kwa njia mbili. Arubuni hushushwa, na mteja huwekewa salio la kutumia ndani ya meli katika hiyo safari ijayo, kwa mfano kulipia intaneti, kufuliwa nguo au matembezi ya nchi kavu. Nauli yenyewe mara nyingi haiguswi. Bei tuliyoonyeshwa dawatini ndiyo ile ile tuliyoiona usiku ule kwenye tovuti ya kampuni. Tuliambiwa kwamba arubuni ya kawaida ni dola 250 kwa kila mtu, kwamba tukinunua kabla ya kushuka tutalipa dola 100 kwa kila mtu, na kwamba chumba chetu kitapata salio la dola 100. Kwa hesabu ya kwetu, tulitoa dola 200, yaani takriban shilingi 25,800 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, tukashika chumba ambacho malipo yake makubwa yangekuja miezi mingi baadaye.

Dawati lilikuwa sitaha ya tano, kando ya mahali pa kahawa. Tulikwenda siku ambayo meli ilikuwa imefunga Kuşadası, saa nne za asubuhi, kwa kuwa goti la mume wangu lilikuwa limevimba na hatukutaka kutembea magofu juani. Meli ilikuwa tupu, na kijana aliyetuhudumia, Mfilipino aliyezungumza taratibu na kwa adabu, alikaa nasi karibu saa nzima bila kuitazama saa yake mara moja. Jioni ya mwisho nilipita tena pale, nikaona foleni imefika kwenye lifti, na kila mteja akipewa dakika chache. Tofauti ya huduma kati ya siku hizo mbili ilikuwa kubwa sana, na namshauri kila anayekusudia kununua aende mapema, siku ambayo wengine wameshuka nchi kavu, kwa sababu maswali yetu sisi ni mengi kuliko ya wenzetu na hayajibiki kwa haraka.

Kilichonipendeza ni kwamba kijana huyo hakuanza na bei. Alituuliza kwanza tulivyolala. Nilimweleza kwamba safari hii tulichukua chumba cha ndani kisicho na dirisha kwa kuwa ndicho cha bei ya chini, na kwamba kwa siku zote hizo sikujua kumekucha ila kwa saa ya simu; alfajiri ilikuwa inaingia nami nimo gizani kama niliye ndani ya sanduku. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone anachokiona yeye. Palikuwa na chumba chenye dirisha kwa bei iliyokuwa chini ya vingine vya aina yake kwa kiasi cha kutia shaka, na mume wangu, ambaye alifanya kazi ya uwakala wa forodha pale Kilindini kwa zaidi ya miaka 30 na hajawahi kuamini bei nafuu isiyo na maelezo, akauliza kuna nini. Kijana akacheka kidogo, akasema kwamba mbele ya dirisha hilo imening'inia mashua ya kuokolea, hivyo mwanga utaingia lakini bahari haitaonekana.

Kisha alifanya jambo ambalo nisingeweza kulifanya peke yangu nyumbani. Alichukua ramani mbili za karatasi, moja ya sitaha ya vyumba na moja ya sitaha iliyo juu yake, akazilaza moja juu ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha, halafu kwa penseli akatia alama mahali ambapo ukumbi wa chakula wa juu unakaa sawasawa juu ya vyumba vya katikati. Alituambia kwamba watumishi huanza kuburuta viti saa kumi na moja alfajiri, na kwamba anayelala chini yake huamka nao. Akatusogeza hatua chache kuelekea nyuma ya meli, mahali ambapo juu kuna vyumba na chini kuna vyumba, si mbali na lifti kwa ajili ya lile goti. Chumba kilikuwa cha bei ile ile. Watu wanaponiuliza faida ya dawati hilo ni nini, mimi hutaja ramani hizo mbili kabla ya kutaja dola 100 za salio. Mtu anayefanya kazi ndani ya meli hizo anajua mahali kelele inapopita, na ujuzi huo hauwekwi kwenye tovuti.

Aliandika pia kwenye maombi yetu kwamba tunahitaji chakula halali, akatuonyesha mstari wenyewe ukiwa umeandikwa. Katika safari hii tulikuwa tumelisema hilo baada ya kupanda, tukaishia kula samaki na mboga kwa siku tatu hadi jiko likajipanga. Ombi la namna hiyo likiwekwa tangu siku ya kununua hufika jikoni kabla ya msafiri.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kanzu ilitubana.

Safari ya kwanza aliyotupendekezea ilikuwa ya Mei 2027, miezi 19 mbele, na salio lake lilikuwa kubwa kuliko la zile za karibu. Nilitoa simu nikaangalia kalenda. Idd al-Adha ya mwaka 2027 inatarajiwa kuangukia katikati ya Mei, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi, na sikukubali kuwa baharini siku ambayo nyumba yangu imejaa wageni. Hata kama isingekuwa Idd, kulikuwa na tatizo jingine. Mashirika ya ndege kwa kawaida hayauzi tiketi zaidi ya miezi 11 au 12 mbele, kwa hiyo anayenunua meli ya miezi 19 ijayo anashika nusu ya safari bila kujua nusu ya pili itagharimu nini. Mzungu wa Ujerumani anaweza kulipuuza hilo, kwani ndege ya kwenda Athens kwake ni ya saa chache na bei yake haiyumbi sana machoni pake. Kwetu sisi tiketi mbili za ndege zinaweza kupanda kwa kiasi kinachozidi mara kadhaa ile nafuu ya dola 300 katika arubuni, nafuu ambayo, kwa kweli, ni kuahirishiwa malipo tu, kwa sababu kile usichotoa leo utakitoa siku ya malipo ya mwisho.

Tukarudi nyuma hadi safari ya Jumamosi, 12 Septemba 2026, na hapo nikaomba karatasi tupu. Malipo yote yalitakiwa siku 90 kabla ya kuondoka, yaani 14 Juni. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo lakini si Uturuki, hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, yaani si kabla ya 12 Machi. Kati ya Machi 12 na Juni 14 kuna miezi mitatu na siku mbili, na ndani ya muda huo ni lazima tupate miadi Nairobi, tupande treni ya SGR kutoka Miritini kwa ajili ya alama za vidole na karatasi, tulipe ada ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, tuonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kisha tusubiri. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45 ikiwa faili inahitaji kuchunguzwa zaidi. Niliziandika tarehe hizo kwa mstari mmoja, nikamwonyesha yule kijana, na aliniambia waziwazi kwamba hajawahi kuulizwa jambo hilo, kwa sababu wateja wake wengi hawahitaji viza ya kufika Ugiriki.

Namsifu kwa kukiri, lakini nailaumu kampuni kwa kutomfundisha. Vipeperushi vilivyokuwa juu ya dawati lile vilieleza rangi ya mapazia ya vyumba vya kifahari, na havikuwa na neno moja kuhusu msafiri anayehitaji viza. Abiria akinyimwa viza, kampuni nyingi humhesabu kuwa amejitoa kwa hiari yake, na bima nyingi za safari hazimlipi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kwetu sisi swali kubwa dawatini ni kama arubuni inarudi, na kama inarudi, hadi tarehe gani. Tuliambiwa kulikuwa na nauli mbili kwa chumba kile kile: moja ambayo arubuni yake hairudi kamwe, na nyingine iliyozidi ile ya kwanza kwa dola 160 kwa chumba, ambayo inarudishwa yote mtu akijitoa kabla ya siku ya malipo ya mwisho. Tulichukua ya pili bila kusitasita. Dola 160 ni fedha nyingi, takriban shilingi 20,600, lakini ndizo zinazomwezesha mtu mwenye pasi ya Kenya kushika chumba leo, kuomba viza Machi, na kuondoka Juni na fedha zake ikiwa jibu litakuwa hapana. Kama pasingekuwa na nauli ya namna hiyo tungenyanyuka na kwenda zetu, na hivyo ndivyo ninavyomwambia kila anayeniuliza.

Kuna jambo la njia pia. Meli ikitoka Ugiriki ikaingia Uturuki na kurudi Ugiriki, kwa mwenye viza huko ni kutoka Schengen na kuingia upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Safari ya Oktoba tuliomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja kwa sababu wakala wetu wa Mombasa alitukumbusha. Dawatini hakuna aliyelitaja, na safari waliyotuuzia nayo inapita Kuşadası. Anayechagua njia ukutani kwa kupendezwa na picha na aangalie kwanza bendera za bandari zake, moja baada ya nyingine.

Uthibitisho wa ununuzi uliletwa chumbani jioni ile ile, karatasi mbili ndani ya bahasha, na mwingine kama huo ukatumwa kwa barua pepe. Mume wangu alikuwa ameshauweka mezani. Nilivaa miwani nikasoma mstari kwa mstari, na katika ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo chini ya jina la chumba, nikakuta imeandikwa kwamba arubuni hairudi. Bei ilikuwa ile ya nauli ya pili, ya dola 160 zaidi, lakini masharti yalikuwa ya nauli ya kwanza. Sikulala vizuri. Asubuhi nilikuwa wa kwanza dawatini, kabla hata hajafungua droo, nikamwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Alisoma, akaomba radhi, akasema kwamba alianza kujaza fomu kwa nauli ya kwanza kisha akabadilisha bei bila kubadilisha masharti, na kwa dakika kumi akatoa karatasi mpya ambayo niliisoma yote mbele yake kabla ya kuondoka. Sikuona ujanja katika kosa lile. Lakini najua kwamba kama ningeifungua bahasha hiyo Mombasa, ningekuwa nikibishana kwa barua pepe na ofisi iliyo bara jingine, nami sina ushahidi ila neno langu. Melini, aliyekosea alikuwa umbali wa ngazi mbili.

Malipo nayo yalikuwa na kisa chake. Arubuni haikukatwa moja kwa moja kwenye kadi. Iliingizwa kwenye hesabu yetu ya matumizi ya melini, pamoja na kahawa na matembezi, na hesabu yote ikapelekwa benki usiku wa mwisho. Kadi ilikataliwa. Benki yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeweka kikomo cha matumizi ya nje kwa siku, na jumla ya siku saba ilipokuja kwa mkupuo ikavuka. Tulilipa sehemu kwa euro taslimu na sehemu kwa kadi ya pili. Ingetosha kupiga simu benki kabla ya kusafiri na kuwaambia kwamba kutakuwa na malipo makubwa ya mara moja kutoka melini. Aidha, malipo yalipoonekana kwenye taarifa ya benki, kila dola ilikuwa imeongezewa gharama ya kubadilisha fedha, kwa hiyo ile shilingi 25,800 niliyoitaja juu ilizidi kidogo.

Bei ya nauli iliyoonyeshwa haikuwa pamoja na bahashishi. Katika meli nyingi kubwa bahashishi hutozwa kila siku kwa kila mtu, kati ya dola 16 na 20 hivi. Kwa dola 18 kwa siku, watu wawili kwa siku 7 ni dola 252, yaani zaidi ya mara mbili ya salio tulilopewa kama zawadi. Kuna pia tozo ya Ugiriki iliyoanza Julai 2025 kwa abiria wa meli za kitalii, ambayo kwa miezi ya joto ni euro 20 kwa kila anayeshuka Santorini au Mykonos. Kijana alizitaja zote mbili nilipouliza. Asingetaja nisingeuliza, na hilo nalihesabu kuwa upungufu, kwa kuwa mteja aliyepewa bei anaamini amepewa bei.

Wenzangu wa chama walikuwa wamenituma niwaulizie. Tuko kumi, tunaweka kila mwezi, na lengo letu la sasa ni safari ya pamoja. Hapa dawati lilinishangaza kwa uzuri. Mbali na kununua safari yenye tarehe, kulikuwa na njia ya kulipa arubuni tupu, isiyo na tarehe wala meli, ya dola 100 kwa mtu, inayodumu miaka miwili. Mtu akichagua safari ndani ya muda huo anapata nafuu ile ile ya melini, na asipochagua anarudishiwa fedha zake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo bidhaa inayomfaa zaidi mtu wa kwetu ambaye hajapata viza, hajui Ramadhani itakuta wapi shughuli zake, na bado anaomba ruhusa kazini. Ubaya wake ni kwamba huuzwa kwa jina la abiria aliye melini. Sikuweza kuwanunulia wenzangu walio Majengo na Tudor; ningeweza kujinunulia mimi na kuwaingiza chumbani mwangu, basi.

Niliuliza pia kwa ajili ya mmoja wetu ambaye ni mjane na anapenda kulala peke yake. Bei za vyumba hupangwa kwa kudhani kuna watu wawili, na anayelala peke yake alitakiwa kulipa karibu mara mbili. Nilipomletea habari hiyo alinyamaza, kisha akasema atatafuta wa kulala naye. Imeniuma, na naona kampuni ingeweza kufanya zaidi kwa watu kama yeye.

Kuhusu wakala wetu, mama mmoja mwenye ofisi ndogo barabara ya Nkrumah ambaye alituuzia safari ya kwanza na kuhangaikia viza zetu, nilikuwa na wasiwasi kwamba kununua melini ni kumpita mlangoni. Sivyo. Kijana aliliona jina la wakala kwenye hesabu yetu ya safari ile na akaliacha pale pale, na kamisheni yake italipwa kana kwamba ameiuza safari yeye mwenyewe. Aliyenunua safari ya kwanza moja kwa moja naye aliweza, kwa utaratibu wa kampuni hii, kuhamishia ununuzi wake kwa wakala ndani ya siku 30. Kwa mtu wa Mombasa nauona msaada huo kuwa wa lazima: Machi itakapofika, anayejua karatasi zinazotakiwa Nairobi ni yule mama wa Nkrumah, wala si dawati la sitaha ya tano.

Ni yeye pia aliyegundua, mwezi Januari, kwamba bei ya chumba chetu ilikuwa imeshuka kwa dola 120. Kwa kuwa hatukuwa tumefikia siku ya malipo ya mwisho, aliandikia kampuni akaomba tuhesabiwe bei mpya, na baada ya siku tatu jibu likaja kwamba wamekubali, na kwamba salio la dola 100 linabaki kwa sababu lilitokana na kununua melini wala halikufungamana na bei. Kwa hiyo, kati ya dola 160 tulizoziongeza ili arubuni iwe ya kurudi, 120 zimeturudia kwa mlango mwingine.

Leo ninapoandika ni Februari 2026. Ile karatasi ya tarehe niliyoiandika dawatini imebandikwa kwenye mlango wa friji, na Machi 12 imezungushiwa wino mwekundu. Mume wangu ameshabadilisha pasi yake, kwa kuwa ya zamani isingebakiwa na miezi mitatu inayotakiwa baada ya kutoka Schengen, na barua ya benki kwa ajili ya viza tumeiomba wiki hii. Tiketi za ndege hatujakata, wala hatutakata mpaka viza zitoke.